Fundi wa Programu na Neno "Mato"

Kiswahili hakina uchoyo wa kugawa jina la fundi. Anayeshona nguo ni fundi, anayeaka nyumba ni fundi, anayeifungua saa na kuirejeshea mapigo yake ni fundi, na hata mtoto aliyebobea katika kuwachokoza wenzake husemwa kuwa ni fundi wa vituko. Neno lenyewe ni la ukoo mmoja na kufunda, kufunza, kufundisha na mwanafunzi. Fundi, kwa hivyo, si mtu anayejua tu, bali ni mtu aliyefundwa: alikaa chini ya mwingine, akatumwa maji na misumari kabla ya kukabidhiwa msumeno. Ni ajabu basi kwamba anayeunda programu za tarakilishi hajakirimiwa jina hili kwa urahisi. Huitwa mtaalamu wa teknolojia, mhandisi wa programu au, kwa majirani wasio na subira, "yule wa kompyuta", naye hupelekewa rununu zilizoingia maji na printa zilizogoma kana kwamba vyote hivyo vilizaliwa tumbo moja.

Anayezungumziwa katika makala haya ni fundi wa namna hiyo. Alizaliwa Mombasa, Mji wa Kale, akasomea sayansi ya tarakilishi Nairobi, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akiandika programu za mikopo ya vyama vya akiba katika ofisi moja iliyo kando ya Barabara ya Ngong. Kazi hiyo haiimbiwi nyimbo. Ni kukokotoa riba, kupanga tarehe za malipo na kuhakikisha kwamba senti ya mwanachama haipotei njiani. Tarakilishi huhesabu kwa mfumo wa uwili, na katika mfumo huo sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, kama vile theluthi isivyoandikika kikamilifu kwa desimali. Ndiyo maana fundi mwenye busara huhifadhi fedha kama idadi kamili ya senti, si kama shilingi na nukta. Mambo kama hayo huyawaza ndani ya matatu asubuhi, huku kondakta akimrudishia chenji pungufu bila msaada wa mfumo wowote wa uwili.

Kazi anayoiita yake mwenyewe huifanya usiku. Ni kisahihishi cha tahajia za Kiswahili, alichokianza mwaka 2016 na ambacho hakijamlipa hata nauli.

Vyombo vyake ni vichache. Cha kwanza ni kihariri cha maandishi kiitwacho Vim, ambacho machoni pa vijana wa sasa ni kama jembe la mkono mbele ya trekta. Kila kitu hufanywa kwa herufi za kibodi, na anayekifungua mara ya kwanza aghalabu hushindwa hata kutoka. Kilitolewa kwa umma mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar, akifuata nyayo za kihariri cha vi alichokianzisha Bill Joy huko California mwaka 1976. Kwa miaka mingi, aliyekifungua Vim bila kutaja faili alikutana na ujumbe mfupi uliomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Wapo walioudhani kuwa mzaha. Haukuwa mzaha. Moolenaar aliwahi kuishi Kibaale, kusini mwa Uganda, si mbali na mpaka wa Tanzania, mnamo mwaka 1994, akifanya kazi ya maji na usafi katika kituo cha watoto. Aliporudi kwao aliamua kwamba atakayefurahia programu yake asimlipe yeye, bali awachangie watoto wale. Alifariki Agosti 2023. Siku habari hizo zilipofika Nairobi, fundi wetu alikaa kitambo mbele ya kioo cheupe cha tarakilishi bila kuandika kitu. Ilimjia kwamba alikuwa ameshika chombo cha mtu huyo kila siku kwa zaidi ya mwongo mmoja, na kwamba mtu huyo aliwahi kuchimbia maji watu ambao ni majirani zake kuliko walivyokuwa majirani wa Mholanzi.

Chombo cha pili ni Git, daftari la kumbukumbu lililoundwa na Linus Torvalds mwaka 2005 baada ya wajenzi wa kiini cha Linux kuondolewa ruhusa ya kutumia bure chombo walichokuwa wakikitegemea. Git huweka kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya, tarehe na maelezo yake. Ina amri ambayo jina lake, likifasiriwa, ni "lawama": ukiielekeza kwenye faili, hukuonyesha kila mstari na jina la aliyeuandika mara ya mwisho. Mwanafunzi wa ushairi hatapata taabu kuielewa ada hii. Watunzi wengi wa tenzi za kale walitaja majina yao, na mara nyingine tarehe, kuelekea tamati ya utungo, ili msifu na mlaumu wajue pa kwenda.

Kitenzi cha Kiswahili ndicho kilichomtia fundi huyu mashakani tangu mwanzo. Visahihishi vingi vya bure hutumia Hunspell, programu ya Mhungaria László Németh, ambayo iliundwa kwa sababu Kihungaria nacho kina maneno marefu yaliyojaa viambishi. Hata hivyo, Kihungaria hurefuka nyuma, ilhali Kiswahili hurefuka mbele. Hunspell hukubali kuvua viambishi tamati viwili na kiambishi awali kimoja, au kwa mpangilio mwingine, viambishi awali viwili na kiambishi tamati kimoja. Sasa mtu alitazame neno "aliyekiona". Kabla ya kuufikia mzizi kuna a- ya nafsi, -li- ya njeo, -ye- ya urejeshi na -ki- ya yambwa. Viambishi vinne, na hicho ni kitenzi cha kawaida kabisa ambacho mtoto wa darasa la pili hukitamka akitafuta kiatu chake. Fundi alijaribu kwanza kuviunganisha viambishi kuwa minyororo iliyo tayari: aliyeki-, aliyevi-, aliyeu-, na kuendelea. Ngeli zilipozidishwa kwa njeo, na njeo kwa urejeshi, na urejeshi kwa yambwa, faili lilifura hadi tarakilishi yake ikaanza kuunguruma.

Ndipo alipogeukia Finland. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki alieleza nadharia ya mofolojia ya ngazi mbili, ambamo neno huwa na umbo la ndani na umbo la nje, na kanuni husimama katikati kama mlinzi wa mlango: ki-umba huingia na kutoka chumba, vi-umba huingia na kutoka vyumba. Arvi Hurskainen wa chuo kikuu hicho hicho aliitumia nadharia hiyo kwa Kiswahili, na mwaka 1992 alichapisha maelezo ya kichanganuzi chake. Kwa msomi wa isimu hili si geni. Ni fonolojia anayoisoma darasani, isipokuwa hapa kanuni ikikosewa mhadhiri hakati alama, bali programu inakataa kuwaka. Fundi alikaa miaka minne juu ya kanuni hizo. Kila ngeli aliijengea chumba chake, na kila kighairi, kama vile ngeli ya A-WA inavyowateka viwete, vipofu na vijana bila kujali viambishi vyao, alikiandikia mlango wa pembeni.

Kisha mashine ikaanza kujifunza yenyewe.

Istilahi za jambo hili bado zinagombaniwa. Wengi nchini Kenya husema akili bandia, wengine husema akili mnemba, na wapo wanaopendelea akili unde. Bandia ina harufu ya noti zisizopokelewa dukani, na huenda ndiyo sababu wenye kuiuza mashine hawaipendi. Unde angalau inakiri kwamba kuna aliyeunda. Ama ujifunzaji wenyewe, hauna kufundwa ndani yake. Hakuna anayeiambia mashine kwamba kitabu ni KI-VI. Hupewa maandishi mengi ajabu na kutakiwa ikisie kipande kinachofuata. Ikikosea, tarakimu zake za ndani husukumwa kidogo upande wa usahihi, na zoezi hurudiwa mara zisizohesabika. Muundo unaotumiwa zaidi ulielezwa mwaka 2017 na watafiti wanane wa Google. Mfumo wa GPT-3 wa mwaka 2020 ulisomeshwa vipande bilioni 300 hivi, vingi mno vikiwa vya Kiingereza. Mkusanyiko wa Helsinki wa matini za Kiswahili, ambao wasomi wa lugha wanautegemea, una maneno yapatayo milioni 25 katika toleo lake la pili. Mtu anaweza kuulinganisha mkusanyiko huo na kisima, na ule mwingine na Bahari Hindi, na bado akawa hajautendea haki ukubwa wa bahari.

Vipande vyenyewe hukatwa kwa mbinu ambayo Philip Gage aliieleza mwaka 1994 kwa ajili ya kubana mafaili, na ambayo Rico Sennrich na wenzake wa Edinburgh waliihamishia katika tafsiri ya mashine mwaka 2016. Mbinu ni sahili. Hesabu jozi za herufi zinazokaa pamoja mara nyingi, ziunganishe, hesabu tena, unganisha tena. Lugha iliyojaa katika maandishi hupata maneno mazima. Lugha chache hubaki vigae. Usiku mmoja fundi aliliingiza neno "hatutakufundisha" katika kikata-vipande kimojawapo. Mwanafunzi wa mofolojia angelikata ha-tu-ta-ku-fund-ish-a, na kila kipande kingekuwa na habari ya kusema. Mashine ililikata hat-ut-aku-fund-isha. Kwa Kiingereza, cha kwanza ni kofia na cha nne ni mfuko wa fedha. Alicheka peke yake jikoni, kisha akaacha kucheka alipokumbuka kwamba huduma hizo hutozwa kwa kipande, kwa hivyo sentensi ile ile humgharimu Mswahili zaidi ya inavyomgharimu Mwingereza.

Lakini kilichomkosesha usingizi si kofia. Ni kwamba mashine hiyo hiyo, pamoja na vigae vyake, iliandika Kiswahili chenye upatanisho wa kisarufi uliokaribia ukamilifu. Iliwapa vipofu ngeli ya A-WA bila mlango wa pembeni. Ilisahihisha aya nzima ambayo kisahihishi chake cha miaka minne kilijikwaa mara tisa. Jambo hili aliwaza asubuhi nyingi ndani ya matatu, na haitakuwa haki kusema kwamba lilikuwa wivu mtupu. Seremala akiona mbao zinajiranda zenyewe ana haki ya kuuliza zilijifunzia wapi.

Ofisini nako hali ilibadilika. Tangu mwaka 2021 kulikuwa na msaidizi anayekamilisha mistari ya msimbo kabla mwandishi hajaimaliza, na baada ya Novemba 2022, ChatGPT ilipotolewa, vijana wa ofisini walianza kuomba programu nzima kwa maneno matupu kama mtu anayeagiza chai. Kazi ilienda mbio. Hata hivyo, siku moja hesabu ya adhabu ya mkopo iliwatoza wanachama mara mbili katika mwezi wa Februari, fundi akaita lawama. Mstari uliokosewa ulikuwa na jina la kijana aliyekuwa na miezi mitatu kazini. Kijana alisema hakuuandika. Aliuomba, ukaletwa, akaupokea. Daftari halikuwa na nafasi ya maelezo kama hayo. Mtunzi hakujulikana, aliyetaja jina lake tamati hakuwa ametunga, na hakukuwa na bwana wa kumkalisha chini kijana yule akamwonyesha kwa nini Februari ina tabia zake. Kumfunda mtu kulikuwa kumegeuka kuwa kumkagua.

Mashine pia husema yale ambayo Kiswahili kimenyamazia. Mtu akiandika "yeye ni mhandisi" na kuomba tafsiri ya Kiingereza, lugha hiyo inadai jinsia, na mashine hulipa deni hilo kwa kukisia kutokana na iliyoyasoma. Fundi alijaribu sentensi hiyo katika programu moja ya tafsiri, naye mhandisi akatoka mwanamume. Alipoandika muuguzi, akatoka mwanamke. Kuna uwezekano kwamba msomaji naye, tangu aya ya pili, amekisia vivyo hivyo. Fundi huyu ni mwanamke.

Mama yake anaishi Mombasa na huandika ujumbe kama anavyosema, yaani kwa Kimvita. Kwake jicho ni jito, macho ni mato, kichwa ni kitwa, njia ni ndia, na kucheka ni kuteka. Asubuhi moja ya mwaka 2022 alimwandikia binti yake kwamba mato yanamuuma. Rununu, ambayo haikulijua neno hilo, ilimsahihishia. Ujumbe uliofika Nairobi ulitaja moto. Binti alikuwa mkutanoni; alitoka mbio, akampigia jirani, naye jirani akakusanya watu na ndoo za maji. Walimkuta mama ameketi ukumbini, anachambua mtele. Ikawa kicheko cha mtaa mzima, na mama, kwa kuona haya mbele ya kadamnasi ile, alisema hana kitu, ni vumbi tu limemwingia. Mato yakasahauliwa. Wiki tatu baadaye, alipopelekwa hospitalini, aliambiwa ana presha ya macho, na kwamba uoni uliokwisha kupotea katika jito la kushoto haurudi. Daktari hakusema kama wiki hizo tatu zilileta tofauti yoyote. Binti hakumuuliza.

Hapa ndipo mawazo yake yalipobadilisha mkondo. Katika kisahihishi chake, neno "mato" lilihitaji mstari mmoja: jito, wingi mato, ngeli ya LI-YA. Aliuandika kwa dakika moja na ukafanya kazi. Katika mashine iliyojifunza hakuna mahali pa kuuweka mstari huo. Hakuna orodha ya kufungua. Kuna tarakimu mabilioni zisizo na majina, na njia ya kuzishawishi ni kuzipa sentensi nyingi zenye neno hilo. Sentensi hizo ziko wapi? Wamvita wanazisema kutwa, lakini mashine hula kilichoandikwa, na kilichoandikwa katika magazeti, tovuti na vitabu vya shule ni Kiswahili sanifu. Hata Muyaka bin Haji, aliyeitukuza Mombasa kwa Kimvita kabla ya kufa mwaka 1840, akipitishwa leo katika kisahihishi cha kawaida atatoka amejaa mistari myekundu, kana kwamba ni yeye asiyekijua Kiswahili.

Wasomaji wa jarida hili wanakijua kisa cha mwaka 1928, wakati mkutano uliofanyika Mombasa, katika mji wa Kimvita wenyewe, ulipoichagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na kile cha mwaka 1930, ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Uchungu wa uamuzi huo haujaisha katika baadhi ya nyumba za pwani. Pamoja na hayo, ulikuwa uamuzi wenye tarehe, wenye wajumbe, wenye kumbukumbu za vikao. Aliyechukizwa alijua amwandikie nani barua. Usanifishaji wa sasa hauna kikao. Neno linalotokea mara nyingi hulimeza lisilotokea, jioni baada ya jioni, ndani ya rununu za watu, na hakuna aliyeketi akapiga kura dhidi ya mato.

Hii si kusema kwamba hakuna mikono ya watu ndani yake. Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza jinsi wafanyakazi wa hapa hapa Nairobi walivyolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili na uchafu, ili mashine ijifunze kuyakwepa. Fundi alisoma habari hiyo mara mbili. Kiingereza kilikuwa kimeajiri Wakenya kukipangusia uchafu. Kimvita hakikuwa na hata mtu wa kukihesabu. Wapo wanaojaribu njia nyingine, kama jumuiya ya watafiti wa Kiafrika iitwayo Masakhane, iliyoanza mwaka 2019, ambayo jina lake la Kizulu lina maana ya tujengane au tujenge pamoja, na ambayo wanachama wake hukusanya matini na kufunza mashine kwa lugha zao wenyewe.

Yeye hakuitupa mashine wala hakuzitupa kanuni zake. Siku hizi mashine hupendekeza, na kanuni husimama mlangoni kuhakikisha kwamba neno la Kimvita halibadilishwi bila mwenyewe kuulizwa. Kila Ijumaa baada ya alasiri humpigia mama yake simu, naye mama, ambaye sasa husomewa ujumbe badala ya kuusoma, humtajia maneno: ya jikoni, ya uvuvi, ya arusi, ya matusi pia ikiwa hakuna mgeni karibu. Git huruhusu jina la mwandishi wa badiliko litofautiane na jina la aliyeliweka. Kwa hivyo ukiita lawama juu ya faili la msamiati, mstari baada ya mstari hutokea jina la mwanamke wa Mji wa Kale ambaye hajawahi kuigusa tarakilishi.

Neno ambalo hawajakubaliana ni kuteka. Binti ameliandikia maana tatu, kuchota maji, kukamata na kucheka, na kanuni zake hazijui zichague ipi mtu anapoandika kwamba jana wageni waliteka. Mama haoni tatizo liko wapi. Amemwambia aandike tu kucheka, kwani anayeteka maji atajulikana kwa ndoo yake.